Kaburi Moja, Dua Nyingi: Historia na Misingi ya Mahali pa Kumbukumbu ya Pamoja Baada ya Msiba wa Taifa

UTANGULIZI

Kila taifa lina wafu wake. Wapo waliokufa vitani, wapo waliokufa kwa njaa na maradhi, na wapo waliokufa safarini, wakienda kuuza ndizi au kurudi shuleni. Msiba unapokuwa mkubwa kiasi kwamba taifa linashindwa kumtambua kila marehemu na kumpeleka kwao, huzuka swali ambalo viongozi wengi huliachia kamati ya mazishi na fundi wa kuchonga mawe: wafu hao watakumbukwa wapi, kwa ibada ipi, na kwa alama gani?

Katika makala haya tutaonyesha kwamba swali hilo ni la kisiasa, na kwamba historia ya nchi yetu imekwisha kulijibu kwa sehemu. Tutapitia Songea, tutasimama kidogo mbele ya mnara wa mashujaa, kisha tutakaa zaidi Igoma, mkoani Mwanza, walikozikwa wahanga wa meli ya MV Bukoba. Hoja yetu ni hii: mahali pa kumbukumbu hapawi pa wote kwa kuzichanganya dini ziwe dini moja, wala kwa kuzifukuza. Panakuwa pa wote pale ambapo katikati pamewekwa usawa wa wafu, na kila dini imepewa nafasi yake kamili ya kuuzunguka usawa huo. Na usawa huo ni wa maneno matupu kama majina ya wanyonge hayamo.

SONGEA, 1906

Historia yetu ya makaburi ya pamoja haikuanza na meli. Tarehe 27 Februari, 1906, utawala wa Wajerumani uliwanyonga mjini Songea makumi ya viongozi na wapiganaji wa Kingoni, akiwemo Nkosi Mputa Gama, kwa kushiriki Vita vya Maji Maji. Walifukiwa katika shimo moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji ule unabeba jina lake, alinyongwa mbali na wenzake. Kabla ya siku ya kunyongwa, mmisionari wa Kikatoliki aliruhusiwa kuingia gerezani, na baadhi ya wafungwa wakabatizwa. Wengine hawakubatizwa. Kamba ilikuwa ile ile, na shimo lilikuwa lile lile.

Tukumbuke vita vile vilikuwa vya namna gani. Kuanzia mwaka 1905 hadi 1907, maji yaliyotoka Ngarambe kwa Kinjeketile Ngwale yaliwakusanya Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine ambao kabla ya hapo hawakuwa na jambo moja la kuwaunganisha. Ulikuwa ni umoja uliosemwa kwa lugha ya imani. Mkoloni aliujibu kwa risasi, kisha kwa kuchoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi zaidi kuliko bunduki. Wanahistoria wengine hukadiria kwamba waliokufa walifikia 300,000. Upande wa pili nao ulikuwa na makaburi yake: mwezi Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss na wamisionari wenzake waliuawa njiani na wapiganaji. Msiba ule haukumwacha mtu wa dini yoyote.

Mkoloni alichimba shimo moja kwa dharau. Kwake, waliolala humo hawakustahili kila mmoja kaburi lake. Lakini umma uliligeuza shimo lile. Palipokusudiwa kuwa mahali pa kusahauliwa pakawa mahali pa kurudiwa. Makumbusho yalifunguliwa hapo mwaka 1980, na kila mwezi Februari watu hukusanyika: wazee wa mila kwa matambiko yao, na viongozi wa dini kwa sala na dua zao.

Tunapata hapo mafunzo mawili. Kwanza, mahali hapafanywi patakatifu kwa amri ya ofisi. Hufanywa na waliolala hapo na waliobaki. Kazi ya dola ni kupalinda na kupatunza, kwa maana utakatifu wenyewe haukutoka kwake. Pili, udongo haumuulizi mtu dini yake. Anayetaka kuwatenga leo watu waliolala pamoja tangu 1906 atalazimika kufukua, na hakuna mwenye akili timamu atakayefanya hivyo. Kwa hiyo walio hai hawana budi kujifunza kukaa juu ya ardhi kama wafu wao wanavyokaa chini yake.

MNARA WA MASHUJAA

Kila tarehe 25 Julai taifa letu huwakumbuka mashujaa waliokufa kwa ajili ya nchi. Makada wengi wamehudhuria gwaride hilo, lakini si wote waliotazama kwa makini mpangilio wake. Rais huweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime. Kiongozi wa mabalozi wa nchi za nje huweka shada la maua. Meya huweka upinde na mshale, na mwakilishi wa askari wastaafu huweka shoka. Viongozi wa dini huomba, kila mmoja kwa maneno ya dini yake, mmoja baada ya mwingine, na hakuna anayesahihisha maneno ya mwenzake.

Vitu vinavyowekwa mnarani ni zana za wazee wetu, na hakuna dini inayoweza kudai kwamba ni zake peke yake. Jiwe lenyewe halina msalaba wala mwezi. Katikati ni pa wote, na dua huja kutoka pembeni, kila moja kwa zamu na kwa ukamilifu wake. Sheikh haombwi kupunguza neno lolote ili padre asikereke, wala padre haombwi kutotaja jina analoliamini.

Mpangilio huu unaafikiana na msingi uliomo katika ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977, kwamba ibada ni hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Tumezoea kuusema kwa ufupi: dola haina dini, lakini watu wake wanazo. Sehemu ya kwanza ya usemi huu inatufundisha tusiweke nini katikati. Sehemu ya pili inatufundisha tusiwanyime watu nini pembeni.

Hata hivyo mnara wa mashujaa hautoshi kwa kila msiba. Shujaa wa vita alikuwa na kikosi, cheo na namba, na jina lake lilikuwa katika daftari la jeshi. Msafiri wa kawaida ana tiketi tu, na mara nyingine hata hiyo hana. Hapo ndipo tunapofika Igoma.

IGOMA, 1996

Asubuhi ya tarehe 21 Mei, 1996, MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilibiduka katika Ziwa Viktoria ikiwa imekaribia Mwanza. Ilikuwa meli ya mwaka 1979, ikiwa na uwezo wa kubeba abiria wapatao 430. Siku hiyo ilibeba wengi zaidi, pamoja na mizigo, yakiwemo mashehena ya ndizi. Hesabu nyingi hutaja waliokufa kuwa zaidi ya 800, na nyingine hukaribia 1,000. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Wengi walibaki ndani ya meli iliposhuka chini, hata tunaweza kusema kwamba ziwa lenyewe ni sehemu ya makaburi.

Miili iliyopatikana na kutambuliwa ilichukuliwa na ndugu. Miili ambayo haikutambuliwa, au iliyokwisha kuharibika kwa maji hata isiweze kusafirishwa, ilizikwa Igoma. Tujiulize uzito wa jambo hilo kwa kila upande.

Kwa Mhaya, mtu huzikwa kwenye kibanja chake, katikati ya migomba ya ukoo. Kibanja ni ardhi, ni urithi, na ni wazazi waliolala humo. Kumzika mtoto wa Bukoba ng'ambo ya ziwa, katika udongo usio wa ukoo, ni kumkosesha nyumba ya mwisho. Kwa Mwislamu, maiti huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa, na hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekezwa Kibla. Kwa Mkristo, maiti husindikizwa kwa sala na wimbo, na kaburi huwekwa msalaba na jina. Katika kaburi la pamoja la watu wasiotambuliwa, hakuna hata mmoja kati yao anayepata yote anayostahili.

Lakini dini zenyewe zilikuwa na majibu ya siku nyingi kwa hali kama hiyo. Katika mapokeo ya Kiislamu, baada ya vita vya Uhud Mtume aliruhusu maiti wawili au watatu walazwe katika kaburi moja. Aliyekufa maji huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Wanazuoni wengi wameeleza kwamba maiti wa Kiislamu wakichanganyika na wengine bila kutambulikana, sala husaliwa kwa nia ya kuwakusudia Waislamu waliomo. Wakristo nao wana sala za kuwakabidhi wafu wasiojulikana kwa Mungu anayewajua kwa majina. Wazee wa mila wanajua namna ya kuirudisha nyumbani roho ya mtu aliyekufa mbali. Si kweli, basi, kwamba dini ni kizuizi cha kumbukumbu ya pamoja. Kizuizi hutokea pale kiongozi anapoamua bila kuwauliza wenye dini.

MISINGI YA KUPANGA MAHALI PAMOJA

Kutokana na historia hiyo tunaweza kutoa misingi mitano, ambayo kamati yoyote ya wilaya au kata inaweza kuitumia.

Kwanza, makaburi yatengwe na mnara. Mafundisho ya Kiislamu yanachukia kujenga juu ya kaburi, na wanazuoni wengi hawapendi liandikwe. Mkristo anataka jina lisomeke. Mahitaji haya mawili hayapingani kama ardhi itagawanywa vizuri. Sehemu ya makaburi ibaki udongo ulioinuliwa kidogo na kuzungushiwa mawe. Ukuta wa majina ujengwe hatua kadhaa kutoka hapo, mahali ambapo haumkanyagi mtu.

Pili, pande za kuelekea ziachwe wazi. Kutoka Mwanza, Kibla kiko kaskazini, kikielekea kidogo mashariki. Wakristo wengi tangu zamani huwalaza wafu wao kuelekea macheo. Kwa hiyo kaskazini na mashariki pasijengwe sanamu, ukuta wala jukwaa la wageni wa heshima. Anayeomba asilazimike kusujudu mbele ya jiwe la serikali. Ukuta wa majina ukae kusini, na majukwaa yakae magharibi.

Tatu, katikati paachwe bila alama ya dini, lakini pasiachwe bila kitu. Mti wa kivuli unatosha, na maji pia. Maji hutumika kutawadha, kubatiza na kutambika, na ndiyo yaliyowachukua watu hawa. Bomba la maji safi na mahali pa kuketi wazee lina manufaa kuliko sanamu ya gharama iliyofungiwa uzio.

Nne, zamu za kuomba zibadilishwe kila mwaka. Anayeanza mwaka huu asianze mwaka ujao. Jambo hili huonekana dogo, lakini anayetangulia kila mara huanza kudhani kwamba mahali ni pake, na anayefuata kila mara huanza kudhani kwamba amekaribishwa tu. Maneno ya dua yasipitiwe na ofisi yoyote.

Tano, utunzaji uwe wa waliofiwa pamoja na wenyeji. Mnara unaofunguliwa kwa mbwembwe, kisha ukaota magugu hadi maadhimisho yanayofuata, ni matusi kwa wafu. Ijulikane nani anafagia, nani ana ufunguo, na fedha za rangi zinatoka wapi. Wanafunzi wa shule za jirani wakipewa zamu ya kufyeka na kupanda miti watajifunza historia kwa jembe kabla ya kuisoma kitabuni.

HOJA MBILI ZISIZO NA MSINGI

Wapo wanaodai kwamba katika kila mahali ibada iongozwe na dini yenye waumini wengi, na wengine wafuate kwa adabu. Dai hili linasahau kwamba katika kaburi la wasiotambuliwa hakuna anayejua wengi ni akina nani. Kuhesabu wafu kwa dini ni kuleta kaburini ushindani ambao hata walio hai hauwafai. Tena ukikubaliwa Igoma, utadaiwa kwa kipimo kile kile mahali pengine dhidi ya wale wale walioudai.

Wapo pia, hasa miongoni mwa wasomi wetu, wanaodai kwamba mahali pa taifa pasiwe na dini kabisa: iwe bendera, hotuba na ukimya wa dakika moja. Hawa wameielewa nusu ya msingi wetu. Mama aliyepoteza watoto wawili ziwani haendi Igoma kusikiliza hotuba. Anakwenda kuwaombea wanawe. Ukimnyima dua mahali pa pamoja, atakwenda kuisoma mahali pa faragha, na mahali pa taifa patabaki pa viongozi na waandishi wa habari. Ukimya wa pamoja ni mzuri, uwepo, lakini haujatosha kumfariji mwombaji.

MAJINA NA MATABAKA

Tumefika kwenye kiini. Katika MV Bukoba, abiria wa madaraja ya juu walikuwa na orodha. Abiria wa daraja la tatu, waliojazana chini pamoja na mizigo, hawakuwa na orodha. Ndiyo sababu hadi leo hesabu ya waliokufa inatofautiana kwa mamia.

Ndugu msomaji, tafakari maana yake. Ukichukua orodha ya meli ukaichonga kwenye jiwe, utakuwa umechonga tofauti za kitabaka. Mwenye nauli ya kitanda atasomwa jina lake na wajukuu. Mchuuzi wa ndizi na kibarua aliyekwenda kutafuta kazi Mwanza watakuwa "na wengineo". Waislamu, Wakristo na wenye dini za asili wanaweza kupatanishwa vizuri kabisa juu ya jiwe kama hilo, dua zikasomwa kwa zamu, na bado dhuluma ikabaki, kwa maana waliotengwa hawakutengwa kwa dini yao bali kwa mfuko wao. Mpatanisho wa dini usiojali matabaka ni mpatanisho wa wenye majina peke yao.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ya ujenzi ni kukusanya majina, na kazi hiyo haifanyiki ofisini. Inafanyika kwa mabalozi wa mashina, kwa wenyeviti wa vijiji, misikitini, parokiani na kwa wazee wa koo, katika Kagera, Mwanza na popote abiria walikotoka. Nani aliaga kwamba anapanda meli na hakurudi? Majina yakipatikana yapangwe kwa vijiji walikotoka, kwa kuwa kijiji kimoja kina watu wa dini zote na wa hali zote. Yasipangwe kwa dini, kwa daraja la tiketi wala kwa cheo. Na mwisho wa ukuta iachwe nafasi tupu iliyolainishwa, yenye upana wa kutosha, kwa ajili ya wale ambao hakuna aliyebaki wa kuwataja. Nafasi hiyo ni ungamo la taifa kwamba liliwapakia watu bila kuwaandika.

KUTOKA IGOMA HADI UKARA

Tarehe 20 Septemba, 2018, miaka 22 baada ya MV Bukoba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika ziwa lile lile, kikiwa kimekaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Rais John Magufuli alitangaza siku nne za maombolezo, na wale ambao hawakuchukuliwa na ndugu zao walizikwa pale pale kisiwani, viongozi wa dini mbalimbali wakiomba juu ya majeneza. Na kwa mara nyingine, hakuna aliyeweza kusema siku hiyo ni watu wangapi hasa waliokuwa wamepanda.

Upande wa ibada, Ukara ilionyesha kwamba tumejifunza. Watu walizika pamoja bila ugomvi, na nchi nyingi zingetamani kuwa na utamaduni huo. Upande wa sababu, Ukara ilionyesha kwamba kumbukumbu yetu ilikuwa na kasoro. Kila mwaka dua zilisomwa Igoma, na kila mwaka ziwani chombo kiliendelea kujazwa kupita kiasi.

Hapa ni lazima kusema wazi. Katika misiba, dini zote hufundisha kupokea, na mapokeo hayo yana heshima yake: bila hayo mfiwa hawezi kuamka kesho yake. Lakini kiongozi anayesimama kaburini na kusema ni mapenzi ya Mungu, huku anajua idadi ya tiketi zilizokatwa, anaitumia dua ya watu kuficha daftari lake. Dua inamfariji mfiwa. Uchunguzi unamzuia mwingine asifiwe. Kimoja hakiwezi kushika nafasi ya kingine, na mahali pa kumbukumbu panatakiwa kuwa na vyote viwili. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba ukutani, kando ya majina, iandikwe kwa Kiswahili rahisi sababu ya msiba: chombo kilikuwa na uwezo gani, kilibeba wangapi, na kwa nini. Na siku ya kumbukumbu, baada ya dua, msimamizi wa vyombo vya eneo hilo asimame mbele ya waliofiwa aeleze vyombo vinavyosafiri mwaka huo vina hali gani, na aulizwe maswali.

HITIMISHO

Songea imetufundisha kwamba kaburi moja linaweza kubeba imani nyingi. Mnara wa mashujaa umetufundisha namna ya kuacha katikati pawe pa wote. Igoma imetufundisha kwamba usawa wa dini bila usawa wa majina ni nusu ya kazi, na Ukara imetufundisha kwamba kukumbuka bila kurekebisha ni kujiandalia kaburi jingine.

Majukumu ya kada yanafuata kutoka hapo. Mahali penye kaburi la pamoja katika eneo lake, aende akalione. Aulize nani analitunza. Akae na masheikh, mapadre, wachungaji, wazee wa mila na wafiwa, awasikilize kabla ya kupendekeza lolote, na akumbuke kwamba mwenye mahali ni wao. Aanze daftari la majina, na aanze na wale ambao hawakuwa na tiketi. Kisha ashuke gatini, au aende stendi, siku ya gulio, ahesabu wanaopanda. Kazi hiyo ya mwisho ni sehemu ya ibada ya wafu, kwa kuwa waliozikwa Igoma wangekuwa hai kama kuna mtu angehesabu.